Picha ya Kupeleka Nashik

Vilasrao Nimbalkar angekuja siku nyingine yoyote, Yashwant Chougule angemwomba mama yake aseme mwanawe hayupo. Lakini alikuja sikukuu ya Sankranti, mkononi ameshika ladu, madonge matamu ya ufuta na sukari guru, na Kolhapur nzima hakuna anayekataa ladu ya ufuta siku hiyo. Ukishaitia mdomoni, ugomvi wa nyuma umekwisha, utake usitake. Yashwant akaipokea, akaitafuna, akaimeza.

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Wiki hiyo hiyo alikuwa amepewa tuzo ya jimbo kule Mumbai, mpiga picha bora wa filamu, na tangu arudi nyumbani majirani walikuwa hawakatiki. Huyu kaleta nazi, yule shali ya kumvika mabegani, mwingine peremende za maziwa. Mama yake, Bi Anusaya, alikuwa kwenye bembea ya sebuleni akipokea pongezi kana kwamba ni yeye aliyeshika kamera.

Vilasrao alisubiri watu wapungue ndipo akasema lililomleta. Alikuwa mtu wa mashamba ya miwa, mkubwa wa mwili, na kuomba hakukuzoea. Alianza mbali, kwa mvua na bei ya miwa, kisha akafika kwa dada yake. Sulabha ni mjane, amerudi nyumbani tangu mume wake afariki. Sasa amepatikana mtu wa Nashik, mhandisi wa maji, naye alifiwa na mke, mtu mpole asiye na makuu. Kwao wameomba picha. Lakini Sulabha kazikataa studio zote za mjini, kila siku ana sababu.

"Nikamwambia basi nitamleta Chougule mwenyewe, mtu wa tuzo," alisema Vilasrao. "Akanyamaza. Na dada yangu akinyamaza ujue kakubali. Yale ya zamani yalikuwa hasira za mzee, na mzee hayupo tena. Tuyaache."

Yashwant alijisikia anasema atakuja kesho mchana. Hakujua sauti ile ilitoka wapi.

Mgeni alipokwisha kutoka, Bi Anusaya aliisimamisha bembea kwa mguu.

"Umekubali nini wewe?"

"Ni picha tu, Mama."

"Ya kwanza nayo ilikuwa picha tu," alisema mama yake, akaondoka kwenda jikoni, na huko masufuria yakagongwa kwa muda mrefu bila kitu kupikwa.

Ya kwanza. Enzi hizo Yashwant alikuwa kijana wa studio ya mjomba wake, karibu na hekalu, na kazi kubwa ya studio ile ilikuwa mabinti wa kuozwa. Kule kwao, kabla mposaji hajaja nyumbani na wazee wake kula sahani ya poha, mchele uliopondwa ukakaangwa na vitunguu, na kumtazama binti anayeileta, picha hutangulia. Picha mbaya, mposaji haji. Kwa hiyo akina mama walikuwa wakimsihi kijana Yashwant kuliko walivyowasihi makuhani.

Sulabha aliletwa na mama yake, amevaa sari ya kijani iliyokuwa bado na mikunjo ya kabatini. Hawakuwa wageni wao kwa wao. Walikuwa wakipishana kila asubuhi njia ya chuo, waliwahi kuazimana vitabu, na vitabu vile vilirudi vimesomwa kurasa zote ila walichotaka kuambiana hakikusemwa. Ungeanzia wapi? Yeye ni binti wa Nimbalkar, ukoo uliowahi kuwa na farasi na askari wake. Yashwant ni mtoto wa mpakizi wa soko la sukari guru. Basi wakabaki kutazamana, na siku ambayo hawakutazamana chakula kiliwashinda wote wawili.

Mama mtu alisinzia kwenye kiti. Yashwant akajivutavuta, akasogeza taa, akairudisha, akafungua pazia, akalifunga. Sheria ya kwanza aliyofundishwa na mjomba ni kwamba jicho likishakaa kwenye kitundu cha kamera halitoki mpaka umebonyeza. Siku ile aliinua kichwa. Alitaka kumwona kwa macho matupu mara moja tu, kabla hajaenda kwa mtu mwingine. Na Sulabha akayainua macho yake, yakamfuata kule juu. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Kila mtu aliisifu picha ile. Ilikwenda Sangli, na mposaji akaja upesi, na pamoja naye shangazi yake, mwanamke wa maneno machache. Sulabha alipokwisha kuweka sahani ya poha mezani, shangazi yule aliichukua picha akailinganisha na uso wa binti, kisha akauliza swali moja mbele ya wazee wote.

"Huyu wa kwenye picha haangalii kamera. Anamwangalia mtu aliyesimama nyuma ya kamera. Mpiga picha alikuwa nani?"

Wageni hawakumaliza hata chai. Jua halijazama, Vilasrao, wakati huo kijana mwenye mkono mwepesi, alikuwa studio akiitupa barabarani miguu ya kamera na taa za watu. Haukupita msimu, Sulabha akaozwa Solapur kwa karani wa kiwanda cha sukari, kwa watu ambao hawakuuliza picha.

Yashwant naye akaenda Mumbai. Alibeba nyaya, akashika futi ya kupimia umbali wa nyuso za watu maarufu, akalala kwenye magari ya vifaa, hadi siku moja akaachiwa kamera. Alipiga filamu za Kimarathi tu: mashamba ya miwa, wapiganaji wa mieleka, wanawake visimani. Wakubwa wa filamu za Kihindi walimwita kwa pesa nzuri, akawajibu kwamba hawezi kumtilia mwanga mtu ambaye yeye hamwoti kwa lugha yake mwenyewe. Walimcheka, baadaye wakamheshimu. Na wote waliofanya naye kazi walijua jambo moja juu yake, kwamba akishaweka jicho kwenye kitundu hainui kichwa, hata taa ianguke, hata mwigizaji azimie. Wasaidizi wake walifanya utani kwamba mkubwa wao kaungwa na kamera kwa gundi. Yeye alitabasamu tu.

Kuoa hakuoa. Bi Anusaya alimtembeza nyumba kwa nyumba mpaka akawa amekula poha za nusu ya wilaya. Kila walipotoka alimsifu mpishi, na juu ya binti akanyamaza.

Sasa mtu huyo ndiye aliyekuwa anakwenda kumpiga picha mwanamke yule yule, ili apelekwe Nashik. Njiani alijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, ni fundi, na kazi ni kazi. Maneno mazuri sana. Alipofika mlangoni kwa Nimbalkar aliupita, ikabidi arudi.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa imejaa wanawake. Mangal, mke wa Vilasrao, alikuwa na shughuli yake ya wiki ya Sankranti, ambapo wake za watu hualikana, wakapakana manjano na rangi nyekundu kwenye paji la uso, wakapeana zawadi ndogondogo na kucheka mpaka jioni. Shughuli hiyo ni ya wenye waume walio hai. Mjane hana nafasi hapo, hata iwe nyumbani kwa kaka yake. Mangal alimwomba Yashwant radhi kwamba hawezi kuwaacha wageni, akamwelekeza ua wa nyuma, na kusema baba wa nyumba yuko njiani kutoka shambani. Hivyo desturi ile ile iliyomtenga Sulabha ndiyo iliyowaacha wawili wale peke yao.

Sulabha alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anamenya njegere. Sari yake ilikuwa ya rangi ya majivu yenye pindo jembamba la bluu, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani, na pembeni mwa uso nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa akifundisha hesabu shule ya wasichana, na alimtazama Yashwant kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa.

"Umenenepa," alisema.

"Chakula cha kazini."

"Na tuzo nazo zinanenepesha, nasikia."

Yashwant akacheka kidogo, akafungua mkoba haraka, akatoa kamera, akaiweka usoni. Nyuma yake alipata nafuu. Kwenye kitundu kile angeweza kumtazama atakavyo na ikaitwa kazi. Aliyaona macho yale, kina kile kile, na mkunjo mdogo kati ya nyusi ambao Solapur ndiyo iliyouweka. Akaizungusha lenzi ambayo haikuwa na haja ya kuzungushwa.

"Nina ombi," alisema Sulabha, bado anamenya. "Piga mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Mbaya ya kumfanya mtu wa Nashik ashukuru kwamba aliomba picha kwanza. Wewe si fundi? Nionyeshe ufundi wako."

Yashwant alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Sulabha alimweleza taratibu, sauti chini, kwa sababu ya wale wa sebuleni. Mtu wa Nashik hana ubaya, alisema, ila yeye amechoka kupelekwa kwa wageni. Akikataa mwenyewe, nyumba itawaka. Wifi yake anakitaka chumba kwa ajili ya mwanawe anayekua, kaka yake anataka kumwona dada ametulia kwake, na kila mposaji anayekataliwa huleta wiki ya milango kubamizwa. Lakini Nashik wakikataa wao, hakuna wa kulaumiwa.

"Ile nzuri ilinipeleka Solapur," alimaliza. "Basi hii mbaya iniache hapa nilipo."

Iniache nilipo. Yashwant alilisikia neno lile na hapakuwa na yeye ndani yake. Alitaka kuuliza, akaogopa jibu. Akasema tu, "Haya. Kaa pale juani."

Akafanya makosa yote ambayo mwanafunzi wake angeyafanya, angemfukuza kazi. Alimweka kwenye jua la utosini, ili vivuli vichimbe mashimo chini ya macho. Nyuma yake aliacha ukuta uliobanduka rangi, kamba ya nguo na ndoo ya plastiki. Akapiga kutoka chini, pembe inayomwongezea kila mtu kidevu. Kisha akaitazama picha kwenye kioo cha kamera.

"Lete nione." Sulabha alivaa miwani yake, akainama karibu, na harufu ya njegere mbichi na ya sabuni ikamfikia Yashwant. "Hii ndiyo mbaya?"

"Ndiyo."

"Chougule, usinidanganye. Hii ikifika Nashik watakuja na basi zima."

Ilikuwa kweli. Jua lilikuwa limeshika zile nywele nyeupe tu, na macho yalikuwa yanakaribia kucheka. Akajaribu tena, mbaya zaidi. Akamwambia akunje uso, ikatoka picha ya mwanamke mtundu. Akaitikisa kamera makusudi, ikatoka kama mtu anayekumbukwa. Sulabha alishikwa na kicheko, akakiziba kwa pindo la sari, na Yashwant naye akacheka mpaka ikabidi ajifute macho, na hapo ndipo alipogundua kwamba hayakuwa machozi ya kucheka peke yake.

"Siwezi," alisema.

"Kazi yote hiyo, tuzo yote hiyo, na picha mbaya moja inakushinda?"

"Kukuharibu wewe sikujifunza."

Sulabha akaacha kucheka. Kule sebuleni wanawake walikuwa wamemwomba mwenzao mmoja alitaje jina la mumewe kwa shairi, na walikuwa wanamshangilia. Alisubiri kelele zipite.

"Mume wangu alipofariki, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Hukuja."

"Nilikuja. Nilifika Solapur, kituo cha treni. Nikakaa kwenye benchi mpaka treni ya kurudi ikaja, nikapanda. Nilijiambia, mlango wa mjane, halafu nitokee mimi hapo, watu watasema mambo hayo yalikuwapo siku zote."

"Walisema hata hivyo." Sasa alikuwa amemtazama usoni, ila Yashwant alikuwa ameirudisha kamera usoni. "Habari ya Sangli ilifika Solapur kabla yangu. Mama mkwe akinikasirikia, ni wewe. Chumvi ikizidi kwenye dengu, ni wewe. Mume wangu hakuwahi kunipiga, hakuwahi kunitukana, lakini hakuna filamu yako aliyokubali niione. Yashwant, maisha yangu yote nimesemwa kwa ajili yako, na sijawahi hata kukushika mkono."

Yashwant alikuwa amejificha nyuma ya kamera, jicho kwenye kitundu, na kitundu chote kilikuwa kimejaa ukungu.

"Toa hicho kitu usoni," alisema Sulabha.

Akainua kichwa.

Wakatazamana, hivyo tu, katikati ya ua, njegere zimemwagika miguuni. Hakuna aliyesogea. Yashwant alikuwa amemtazama mwanamke huyu katika kila uso aliowahi kuutilia mwanga, na kumbe muda wote alikuwa anatazama kivuli. Uso wenyewe ulikuwa huu, umechoka kidogo, umepevuka, na unamtaka. Alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba ana njaa. Akaogopa kuliko alivyoogopa siku taa za mjomba zilipokuwa zinavunjika barabarani.

"Haya, tuone," ilisema sauti ya Vilasrao.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, matope ya shambani bado yako kwenye viatu. Aliwatazama, akatazama njegere, na uso wake ukaanza kubadilika kabla hajaambiwa neno.

"Hakuna ya kupeleka, Kaka Vilas," alisema Yashwant. "Siwezi kumpiga picha Sulabha ya kumpelekea mtu mwingine. Jana nilidhani naweza. Namtaka mimi. Nilimtaka tangu wakati ule, na sikusema, na kwa kutosema kwangu yeye ndiye aliyeumia. Leo nasema."

Vilasrao alisogea karibu. Alishusha sauti kwa ajili ya wageni wa mkewe, na ikatoka inakwaruza.

"Shukuru nimekulisha ufuta jana, ningekutupa nje na hiyo kamera yako. Mimi nilikuja kwako kwa heshima. Unajua watu watasemaje? Watasema shangazi wa Sangli hakukosea. Watasema marehemu shemeji yangu aliishi na mke wa mtu mwingine. Baba yangu amekufa akiapa kwamba yale yalikuwa uzushi, na wewe unataka nimfanye mwongo, yeye yuko majivu? Na utamweka wapi? Kwenye magari ya filamu? Mtu ambaye hata mkewe wa kwanza ni hicho chuma?"

Yashwant hakubisha. Kila neno lilikuwa na ukweli wake, na lile la watu kusema ndilo lililomwuma zaidi, kwa kuwa atakayesemwa si yeye. Wanaume wa filamu husemwa na wakapewa tuzo. Alimgeukia Sulabha amwambie kwamba akimfukuza ataondoka, na hatamlaumu.

Sulabha alikuwa amesimama. Alikung'uta maganda ya njegere kwenye sari.

"Kaka, picha ya mtu wa Nashik iko wapi?"

"Sebuleni, kwenye rafu. Kwa nini?"

"Nani aliniletea niione?"

"Mimi."

"Basi ni haki na ya huyu uwe nayo. Mimi nimepigwa picha nikapelekwa kwa watu wanichague. Leo acha nichague mimi."

Akainyoosha mikono, na Yashwant, ambaye kamera yake hakuna msaidizi aliyeruhusiwa kuigusa, akampa. Akamwonyesha kitufe. Akaambiwa akae kwenye kigoda, akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Hakujua mikono aiweke wapi. Alikuwa amewapanga mamia ya watu mbele ya lenzi na kuwaambia wawe huru, na sasa yeye mwenyewe alikuwa anatoka jasho shingoni.

"Niangalie," alisema Sulabha.

Alijaribu. Macho yalimkimbilia kwenye ndoo, kwenye viatu vya Vilasrao, kwenye mlango wa sebule, na pale mlangoni akamwona Mangal amesimama kimya na wageni wake nyuma yake, wake za watu wenye manjano kwenye mapaji ya nyuso, wanachungulia juu ya mabega ya wenzao. Kicheko kilikuwa kimekwisha kule ndani tangu lini, hakujua. Mtaa mzima ulikuwa hapo. Kufikia jioni habari ingekuwa imefika sokoni, na kesho Sangli.

Sulabha naye aliwaona. Yashwant alimwona akiwaona. Akaishikilia kamera vizuri zaidi.

"Niangalie mimi," alisema tena. "Wale waache."

Akamwangalia. Sulabha akabonyeza.

Akaigeuza kamera, akamkabidhi kaka yake bila hata kuitazama vizuri. Vilasrao alikisogelea kioo. Picha ilikuwa imelalia upande. Sikio moja lilikuwa limekatwa, ndoo ilikuwa kubwa kuliko kichwa, jua lilikuwa limemchimba mtu mashimo chini ya macho, na macho yenyewe yalikuwa mekundu, nusu yamefumba. Alikuwa mwanaume mnene wa makamo aliyekaa kwenye kigoda cha jikoni anakaribia kulia.

Vilasrao aliwatazama wanawake wa mlangoni, akamtazama dada yake, akairudia picha.

"Mbaya sana hii," alisema, polepole.

"Mbaya kweli, Kaka," alisema Sulabha, na sauti yake hakuishusha. "Ndiye huyu ninayemtaka."